Kutumia Kipimamwinamo Kuendesha Trekta kwa Usalama Kwenye Miteremko: Mwongozo Kamili

Dereva aliyekaa kwenye trekta saa tatu mfululizo akikata majani ubavuni mwa kilima huwa hajui tena mteremko ulivyo mkali. Mwili wake umekwisha kujikunja kuufuata mteremko, jicho limeizoea ardhi iliyolala upande, na pale palipomtia wasiwasi asubuhi anapaona pa kawaida ifikapo adhuhuri. Kipimamwinamo, yaani chombo kinachoonyesha kwa nyuzi jinsi trekta lilivyoinama, hakizoei. Nyuzi 12 zilizosomeka asubuhi zitasomeka 12 jioni pia, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko king'ora na taa zake zote.

Hata hivyo, chombo hiki kina upofu wake ambao ni lazima mtumiaji aujue kabla hajakifunga. Kinaeleza namna trekta lilivyoinama mahali magurudumu yalipo sasa, lakini hakijui chochote kuhusu shimo lililo hatua mbili mbele, utelezi wa majani, wala uzito uliopandishwa juu kwa haidroliki. Kwa hiyo, anayekingoja kimwambie lini aanze kuogopa amekielewa kinyume. Matumizi yake yenye maana ni kupima akiba, yaani idadi ya nyuzi zilizobaki kati ya mwinamo wa sasa na ule ambao trekta litapinduka, na kuhakikisha kwamba akiba hiyo hailiwi na mambo madogo yanayotokea kwa pamoja.

Kwanza, fahamu trekta lako linapindukia wapi

Trekta hupinduka pale mstari wa timazi unaoshuka kutoka kwenye kitovu cha uzito wake unapotoka nje ya eneo linaloshikiliwa na magurudumu. Watu wengi hudhani eneo hilo ni mstatili wenye pembe kwenye magurudumu yote manne, kumbe kwenye matrekta mengi ni pembetatu. Ekseli ya mbele imeshikwa kwa pini moja katikati na inaweza kucheza juu na chini ili kufuata ardhi, hivyo mwanzoni mwa kupinduka haizuii lolote. Trekta limesimama juu ya magurudumu mawili ya nyuma na ile pini ya mbele. Ekseli ikishafika mwisho wa mchezo wake huanza kushikilia, lakini wakati huo mwili wa trekta umekwisha kuondoka.

Tuchukue mfano wa hesabu. Trekta lina upana wa mita 1.5 kutoka katikati ya tairi moja la nyuma hadi katikati ya jingine, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito iko nyuma, tuseme kitovu hicho kiko theluthi moja ya umbali kutoka ekseli ya nyuma kwenda ya mbele. Hapo nusu ya upana wa pembetatu si sentimita 75 tena bali kama sentimita 50, na pembe ya kupindukia inatoka takriban nyuzi 34 badala ya 45 ambazo mtu angezipata kwa kufikiria mstatili. Pandisha bakuli la kubebea mchanga lililojaa hadi kitovu kifike sentimita 90, na pembe hiyo inashuka hadi nyuzi 29. Panua magurudumu ya nyuma hadi mita 1.8, nayo inapanda hadi karibu 39. Nambari hizi ni za makadirio na za trekta lililosimama tuli. Nia yake ni kuonyesha jambo lipi lina uzito gani, wala si kumpa mtu kibali cha kwenda nyuzi 30.

Kwenye akiba ya nyuzi hizo 34, tazama jinsi matumizi yanavyokwenda. Trekta linavuka mteremko wa nyuzi 15, jambo ambalo madereva wengi wazoefu hulifanya bila kufikiri. Gurudumu la nyuma la upande wa juu linapanda jiwe la sentimita 15 lililofichwa na majani, na wakati huohuo la upande wa chini linatumbukia katika shimo lenye kina kama hicho. Tofauti ya sentimita 30 katika upana wa mita 1.5 huongeza zaidi ya nyuzi 11, kwa hiyo sasa tuko 26. Dereva anastuka na kuukata usukani kuelekea juu ya kilima, akiwa kwenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa na kona yenye nusu kipenyo cha mita 5. Kani ya mzunguko inalisukuma trekta upande wa chini kwa kiasi kinacholingana na nyuzi 9 nyingine. Jumla ni 35. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu ambacho kingeliangusha trekta peke yake.

Mwendo, kwa njia, ndio mlaji mkubwa wa akiba, kwa sababu kani hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kona ileile ya mita 5 kwa kilomita 20 kwa saa inalingana na mwinamo wa nyuzi 32, maana yake trekta la mfano wetu liko ukingoni mwa kupinduka hata kwenye uwanja tambarare.

Kuchagua chombo

Viko vya aina tatu. Cha kwanza na cha bei nafuu ni mrija uliopinda wenye mafuta na gololi ndani yake; gololi hukimbilia upande wa chini na nyuzi zimechorwa pembeni. Kuna vya namna hiyo vinavyotumia kiputo kama pimamaji ya waashi, na kiputo huenda upande wa juu. Anayehama kutoka kimoja kwenda kingine na asiizingatie tofauti hiyo atasoma mteremko kinyume, kwa hiyo bandika alama ya mshale inayoonyesha upande wa chini. Aina ya pili ni ya timazi, yenye mshale uliofungwa kwenye uzito unaoning'inia. Ya tatu ni ya kielektroniki, yenye skrini, taa na king'ora kinachoweza kuwekwa kilie kwenye nyuzi unazotaka.

Mimi hupendelea chombo chenye gololi kwa kazi ya kawaida, kwa sababu hakihitaji umeme na kikiharibika huonekana wazi. Cha kielektroniki kina ubora wake pale dereva anapotazama nyuma muda mrefu, kama anapolima kwa jembe la diski, kwani king'ora kinamfikia asipotazama. Ukinunua hicho, uliza jambo moja: kinachukua wastani wa vipimo vya muda gani? Ili nambari zisirukeruke kwa mtikisiko wa injini, vyombo vingine hukusanya vipimo vya sekunde moja au mbili kabla ya kuonyesha. Kwa kupima mteremko hilo halina neno. Kwa onyo ni kuchelewa, maana trekta linaloinuka mbele na kupinduka kinyumenyume huweza kupita mahali pa kutorudika kwa takriban robo tatu ya sekunde.

Jambo la kuangalia zaidi ni kama chombo kinapima pande mbili, yaani mwinamo wa ubavu na ule wa mbele na nyuma. Kikipima ubavu tu, funga viwili.

Tahadhari nyingine ni kuhusu vipimo vyenyewe. Chombo kimoja huandikwa nyuzi, kingine asilimia, na hivi viwili havilingani. Nyuzi 10 ni karibu asilimia 18, nyuzi 15 ni asilimia 27, nyuzi 20 ni asilimia 36, na asilimia 100 ni nyuzi 45. Kitabu cha mtengenezaji kikisema mwisho ni asilimia 20, kinamaanisha nyuzi 11 na kidogo. Dereva akiuchukulia mpaka huo kuwa ni nyuzi 20, ameuzidisha karibu mara mbili bila kujua.

Kukifunga na kukisawazisha

Kifunge kwenye sehemu ngumu iliyoshikamana na mwili wa trekta, mbele ya dereva, mahali anapoweza kukisoma bila kugeuza kichwa. Kwenye boneti hapafai kwa sababu ya kutikisika, na kibanda cha dereva kilichokaa juu ya mipira nacho hulala zaidi ya trekta lenyewe, hivyo kikilazimika kufungwa humo, jua kwamba kitasoma zaidi kidogo ya ukweli, jambo ambalo si baya. Chombo cha ubavu kikae sambamba kabisa na ekseli ya nyuma. Kikikaa mshazari, kila utakapopanda kilima kitakuonyesha mwinamo wa ubavu ambao haupo.

Kabla ya kusawazisha, pima upepo wa matairi yote, kwani tairi moja lililolegea huinamisha trekta zima na utakuwa umeusawazisha ubovu. Kisha si lazima utafute sakafu iliyonyooka kabisa. Simamisha trekta mahali panapoonekana tambarare na pagumu, weka alama ya chokaa ardhini chini ya kila gurudumu la nyuma, soma chombo na uandike. Geuza trekta lielekee upande wa pili, urudishe magurudumu hayohayo juu ya alama zilezile, usome tena. Kama chombo ni sahihi, nyuzi zitalingana ila zitahamia upande mwingine: 2 kulia zimekuwa 2 kushoto. Kama mara ya kwanza kimesoma 3 kulia na mara ya pili 1 kushoto, ardhi imeinama nyuzi 2 na chombo kina kosa la nyuzi 1 kuelekea kulia. Kama kimesoma 3 kulia na kisha 1 kulia tena, ardhi ina nyuzi 1 na kosa ni nyuzi 2. Legeza skrubu, sogeza chombo kwa kiasi cha kosa, kaza, halafu rudia zoezi lote.

Usawa wa sifuri hautoshi, kwa kuwa chombo kinaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kudanganya kwenye 10. Weka ubao mpana na imara wenye unene wa sentimita 10, upandishe polepole magurudumu ya upande mmoja juu yake, la mbele na la nyuma, na usome. Kwa trekta lenye upana wa mita 1.5 chombo kionyeshe karibu nyuzi 4. Fanya hivyo kwa kila upande.

Kulipima shamba kwa miguu

Hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko kuangalia gololi ukiwa kitini. Mteremko upimwe kabla trekta halijaingia, kwa kuwa trekta lililokwisha kufika mahali pabaya halina njia nzuri ya kutoka.

Unahitaji ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1, pimamaji na rula. Laza ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu, inua ncha ya chini hadi pimamaji ionyeshe usawa, kisha pima umbali kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita 9 ni nyuzi 5, sentimita 18 ni nyuzi 10, sentimita 27 ni nyuzi 15 na sentimita 36 ni nyuzi 20. Simu yenye programu ya kupima mwinamo, ikilazwa juu ya ubao ulioulaza moja kwa moja juu ya ardhi, hufanya kazi hiyo haraka zaidi. Usiilaze juu ya udongo wenyewe kwa sababu itapima tonge la udongo na si mteremko.

Pima pale panapoonekana pakali zaidi, wala usitafute wastani wa shamba. Tembea mistari ambayo trekta litapita, hasa ile ya kugeuzia, na uweke vijiti vyenye vitambaa palipo na mawe, visiki, vichuguu, mifereji na kingo zinazobomoka. Angalia pia mteremko unapoishia, kwa sababu mteremko wa nyuzi 12 unaoishia kwenye uwanja mpana na mwingine wa nyuzi 12 unaoishia kwenye korongo haustahili uamuzi mmoja.

Kuweka mpaka wako

Mpaka wa kwanza ni ule ulioandikwa na mtengenezaji wa trekta na wa zana iliyofungwa nyuma yake. Ukiwa na mipaka miwili, fuata ulio mdogo. Pasipo na maandishi, mimi hushauri kwamba trekta la kawaida lisilopanuliwa magurudumu lisivuke mteremko kwa ubavu zaidi ya nyuzi 10 bila sababu ya maana, na nyuzi 15 ziwe mwisho kabisa kwenye ardhi kavu isiyo na mashimo. King'ora kiwekwe kilie kwenye 10. Dereva atachoka kukisikia, na hapo ndipo atakapotaka kukipandisha hadi 18, akatae.

Mpaka huo upunguzwe tena kwa kila jambo linalokula akiba: zana nzito iliyoinuliwa, tangi la dawa lililojaa nusu ambalo maji yake hukimbilia upande wa chini trekta linapoinama, tela, majani mabichi yenye umande, au udongo uliolimwa na ambao haujashikana. Kwa upande mwingine, akiba inaweza kuongezwa. Panua magurudumu ya nyuma kadiri kitabu kinavyoruhusu, jaza maji katika matairi ya nyuma ili uzito ukae chini, funga vyuma vya uzito mbele, na zana inayochomoza upande mmoja ifanye kazi ikiwa upande wa juu wa mteremko.

Kukisoma ukiwa kazini

Kabla ya kuingia mteremkoni, unganisha kanyagio mbili za breki kwa pini yake, simamisha tao la kinga (fremu ya chuma inayomlinda dereva trekta likipinduka) kama ni la kukunja, funga mkanda, na tia gia nzito, yaani ya mwendo mdogo, ungali mahali tambarare, kwa maana gia haibadilishwi katikati ya mteremko. Trekta lenye uwezo wa magurudumu manne liwekwe kwenye manne, ili injini iyazuie yote wakati wa kushuka. Kuhusu tao la kinga na mkanda, vitu hivi viwili huenda pamoja: tao bila mkanda humwacha dereva arushwe nje na kulaliwa na trekta, na mkanda kwenye trekta lisilo na tao humfunga penye hatari. Uswidi ilianza kudai kinga hiyo kwa matrekta mapya mwaka 1959, na hakuna kipimamwinamo kinachochukua nafasi yake.

Ukiwa unakwenda, tupia chombo jicho kabla ya kila mstari mpya na kila mara ardhi inapobadilika. Macho mengine yote yawe mbele. Usisome nambari moja tu. Tazama mchezo wa gololi: ikicheza kati ya 8 na 14, wewe uko kwenye 14, kwa sababu trekta hupinduka kwa kilele na si kwa wastani.

Kwenye kona chombo huhitaji akili zaidi. Gololi na timazi havijui tofauti kati ya mteremko na kani ya mzunguko. Ukikata kona kuelekea juu, gololi inakimbia zaidi upande wa chini, na ingawa mteremko haujaongezeka, onyo hilo ni la kweli kabisa kwa kuwa trekta nalo linahisi hivyohivyo. Ukikata kona kuelekea chini, gololi inarudi katikati na inaonekana kana kwamba hatari imepungua. Kwa ubavu ni kweli imepungua, lakini sasa trekta linaelekeza pua bondeni, na nambari ya kutazama ni ya chombo cha pili, kile cha mbele na nyuma.

Katika kupanda, chombo hicho cha pili hakitoshi kama kipo mzigo unaokokotwa. Chaini ikifungwa juu ya ekseli ya nyuma, trekta linaweza kuinuka mbele hata kwenye mteremko mdogo, na gololi haitaonyesha hatari mpaka pua imekwisha kupaa. Funga mzigo kwenye kiungo cha kukokotea kilicho chini, wala usiachie klachi ghafla. Usukani ukianza kuwa mwepesi isivyo kawaida, magurudumu ya mbele yanaelea. Punguza mafuta mara moja. Palipo pakali sana ni afadhali kupanda kwa kurudi nyuma. Wakati wa kushuka, tumia gia uliyopandia au iliyo chini yake, na usikanyage klachi wala kuweka gia huru, kwani tela likianza kulisukuma trekta, breki za magurudumu ya nyuma pekee huwa hazitoshi.

Mpaka ukipitwa

Punguza mwendo kwa kuachia mafuta taratibu, na usikanyage breki kwa nguvu. Teremsha zana hadi iguse ardhi, jambo linaloshusha kitovu cha uzito na wakati huohuo kuzuia kuserereka. Kisha geuza usukani kidogo kidogo kuelekea chini ya mteremko, kamwe si juu, na ushuke moja kwa moja kwa gia nzito. Trekta likianza kuserereka likishuka, achia breki ili magurudumu yaanze tena kuzunguka, na uongeze mafuta kidogo mpaka yashike ardhi. Gurudumu lililofungwa na breki halitii usukani. Kama tao la kinga lipo na mkanda umefungwa na trekta linapinduka kweli, shika usukani na ubaki kitini, kwa sababu anayeruka mara nyingi huangukia upande uleule trekta linakokwenda.

Baada ya hapo usirudi kwenye mstari uleule kujaribu tena. Shuka, pima mahali palepale kwa ubao na pimamaji, na tafuta kilichoongeza nyuzi: jiwe, shimo, tairi la chini lililopungua upepo, au mteremko wenyewe ambao haukupimwa vizuri. Kipande kilichobaki kikatwe kwa kupanda na kushuka kama kinaruhusu, au kwa mashine ya mkono.

Utunzaji

Zoezi la kugeuza trekta juu ya alama lirudiwe kila unapobadilisha matairi, unapopanua magurudumu au chombo kinapogongwa, na walau mara moja mwanzoni mwa kila msimu. Mrija unaovuja hujulikana kwa gololi inayorukaruka kwa mtikisiko mdogo badala ya kwenda kwa utulivu, na hautengenezwi bali hubadilishwa. Cha kielektroniki kikaguliwe nyaya na king'ora kabla ya kazi, kwa kuweka mpaka kwenye nyuzi 2 na kupandisha gurudumu moja la nyuma juu ya ubao. Kisipolia, kazi ya mteremkoni isubiri, na ukimaliza usisahau kurudisha mpaka kwenye 10.